Biskuti za Nyuma ya Stoo: Dereva Aliyesimama Mbele ya Kijiji na Kusema "Nilizileta Mimi"

Saa mbili na robo asubuhi, kirikuu nyeupe, gari dogo la mizigo lililofunikwa turubai, inasimama mbele ya duka la Erasto, kijijini Robanda. Vumbi halijatulia, dereva ameshashuka. Ni mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya jinzi, funguo zinaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Anafungua turubai na kuvuta katoni ya biskuti, lakini haiingizi dukani. Anaipasua pale pale, nyuma ya gari.

"Soma," anamwambia mwenye duka.

Erasto, mwanamume wa makamo ambaye husoma kwa kusogeza karatasi mbali na macho, anachomoa pakiti moja ya juu, moja ya katikati na moja ya chini kabisa. Anasoma tarehe kwa sauti, mara tatu, wateja wawili wakimsikiliza.

"Mwezi wa tisa mwakani. Mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa," anasema. "Ziko sawa. Ingiza."

Dereva huyo ni Gati Machage, miaka 36, mama wa mabinti wawili. Kwa miaka tisa amekuwa akisambaza vitafunwa kutoka Tarime mjini hadi vijiji vya mbali vya wilaya za Tarime na Serengeti. Wapo wanaosema amekuwa na wazimu wa tarehe. Anapolisikia hilo anacheka kidogo, kisha uso unabadilika.

"Waache waseme. Mimi nimemwona mtoto akitapika biskuti nilizozibeba kwa mikono hii."

Ukitaka kujua nani anakula nini katika wilaya hizi mbili, usitafute ripoti. Muulize Gati.

Nyamisangura, pale mjini, watu wa ofisini saa nne wanataka sambusa, soseji na korosho. Vijana wa bodaboda wanataka mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Watoto wa shule za kulipia wanabeba mtindi na juisi za boksi, na mama zao wanachagua wenyewe rangi ya boksi.

Nyanungu, vijijini Tarime, ni habari nyingine. Wazee wanatafuna karanga na mahindi ya kuchoma. Akina mama wanakwenda shambani na viazi vitamu vilivyolala. Mtoto mwenye sarafu ya mia anafikiria mambo matatu tu: pipi, juisi ya unga au biskuti.

Robanda, mpakani mwa hifadhi ya Serengeti, wanaofanya kazi kambini hurudi nyumbani na mabaki ya chakula cha watalii. "Mtoto wa huku anaweza kuijua chokoleti ya Mzungu kabla hajaijua soseji ya Tarime," anasema Gati. Erasto anaongeza lake, akiwa bado ameshika pakiti mkononi: "Na usione tunanunua vya dukani ukadhani ni raha. Tembo wakishapita kwenye mahindi yako, mtoto ataondoka na nini kwenda shule? Ataondoka na mia."

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wote hao wanakula, na hapo ndipo hasira ya Gati inapoanzia.

"Biskuti," anasema. "Mzee asiye na meno anachovya kwenye chai. Mchungaji anaondoka na pakiti mbili mfukoni, ndicho chakula chake cha mchana. Mwalimu anakula, mtoto anakula, tajiri anakula. Za mjini na za kijijini zilikuwa zinatoka stoo moja. Ila hazikuwa zinatoka upande mmoja."

Gati alizaliwa Nyanungu, mtoto wa nne wa mkulima aliyekuwa na ng'ombe wachache na migomba mingi. Udereva alifundishwa na kaka yake, kule Sirari mpakani, kwenye gari la kubeba vitunguu. Wanaume walimcheka, yeye akaendelea. Leseni alipoipata, duka moja la jumla mjini Tarime lilimwajiri. Duka hilo hatulitaji kwa sababu kesi yake bado iko mahakamani.

Mshahara ulikuwa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi. Kwa fedha hiyo aliwasomesha mabinti zake na kumjengea mama yake choo cha tofali. Aliipenda kazi, na waliompokea njiani walimpenda.

Stoo ile, anaeleza, ilikuwa na pande mbili. Karibu na mlango zilipangwa katoni za kwenda maduka ya mjini. Nyuma, chini ya bati lililokuwa likivuja, zilikaa katoni za "ruti ndefu", yaani za vijijini. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Kila Jumanne na Ijumaa Gati alikuta mzigo wa ruti ndefu umeshaandaliwa. Alisaini, akapakia, akaondoka.

Tunamuuliza kama hakuwahi kushuku chochote.

"Wanangu nilikuwa nawachukulia za mlangoni," anajibu. "Nilijiambia ni kwa sababu ziko karibu. Hilo nimelisema kanisani na ninalisema kwako, uandike. Sikujua, lakini pia sikuuliza."

Kuuza zilizopita tarehe mjini kusingewezekana. Selestina Obura, mwenye kibanda Nyamisangura na ndugu wengi upande wa pili wa mpaka, Kenya, alikuwa akipokea mzigo kutoka stoo hiyo hiyo. "Mimi hapa customer wangu ni mwalimu, ni nesi, ni mtu wa benki," anasema huku akipima karanga, ambazo yeye huziita njugu. "Kabla hajakula anageuza pakiti. Akikuta imeexpire anakurudishia mbele ya watu. Ile stoo ilijua hiyo. Haikuniletea uchafu hata siku moja."

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Ijumaa ya kwanza baada ya likizo, Julai mwaka jana. Shule moja ya msingi huko Nyanungu iliandaa mashindano ya mbio. Wazazi walichanga ili kila mtoto atakayekimbia, awe wa kwanza au wa mwisho, apate pakiti ya biskuti. Katoni nne zilinunuliwa kwa Tabitha, mjane wa miaka 67 mwenye duka dogo jirani na shule. Gati ndiye aliyekuwa amezileta siku tatu kabla.

Mbio ziliisha saa sita. Kufikia saa tisa watoto ishirini na watatu walikuwa wanatapika.

Sita walitundikiwa dripu kituo cha afya. Aliyezidiwa zaidi alikuwa Scholastica, msichana wa miaka tisa aliyekula pakiti yake na ya mdogo wake. Alilazwa siku mbili. Mama yake anakumbuka kwamba mtoto alikuwa akiomba radhi kila alipotapika, akidhani amekosea kwa kula mbili.

Wote walipona. Lakini usiku wa pili haukuwa umefika, tayari kijiji kilikuwa na mkosaji wake. Tabitha ameweka sumu, walisema. Tabitha ana roho mbaya tangu mumewe afe. Vijana walikwenda dukani kwake, wakatupa nje sukari, sabuni na chumvi, wakavunja meza. Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiwakopesha majirani chumvi alikimbilia kwa dada yake akiwa amevaa kandambili moja.

"Niliwaambia, mwanangu, mimi biskuti sizipiki. Zimekuja zimefungwa," Tabitha anatuambia. "Hakuna aliyetaka kusikia. Hata watoto niliowapokea walipozaliwa walinitazama kama fisi."

Habari zilimfikia Gati Jumamosi, kwa simu ya mama yake. Anasema alikuwa anafua, akaacha nguo kwenye beseni na kwenda moja kwa moja stoo. Mlinzi alimjua, akamfungulia. Akaenda nyuma, chini ya lile bati.

Aliyoyaona anayasimulia taratibu, kama mtu anayehesabu hatua. Katoni zilizolowa, zenye ukungu wa kijani pembeni. Katoni mpya tupu zimekunjwa, zikisubiri kujazwa. Kopo la spiriti ya kufutia wino na matambara. Na gombo la karatasi ndogo nyeupe za kubandika, zimeshapigwa muhuri wa tarehe ya mwaka unaofuata.

"Nilifungua pakiti moja nikanusa. Ilikuwa inanuka mafuta ya kukaangia ya wiki iliyopita. Nikakaa chini."

Akapiga picha kwa simu yake. Jumatatu asubuhi alimfuata msimamizi wa stoo na kumuuliza ana kwa ana. Kwa maelezo ya Gati, mtu huyo hakukana. Hata hakukasirika. Alimwongelesha kama mtu anayemwelekeza mfanyakazi mpya.

"Gati, wewe umekaa hapa miaka yote hii hujaelewa biashara?" alimwambia. "Watu wa huko hawasomi tarehe. Wanasoma bei. Tukiwapelekea mpya, hawawezi kuzinunua. Sisi tunawasaidia."

"Na watoto?"

"Watoto wamepona, si ndiyo? Mwambie yule mama afungue duka lake, tutampa katoni mbili za bure."

Hapo, anasema Gati, ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Neno "tunawasaidia" hakulisahau. Baba yake ni mtu wa huko. Mama yake ni mtu wa huko. Yeye mwenyewe, kabla ya gari na leseni, alikuwa mtoto wa huko mwenye sarafu mkononi.

Na tuseme wazi: alichosema msimamizi yule si maneno ya mtu mmoja mwenye roho mbaya. Ndivyo maskini anavyouziwa kila kitu, kuanzia dawa iliyofifia hadi betri zinazokufa jioni ileile. Anauziwa kilichokataliwa na wengine, kisha anaambiwa ashukuru kwa kupunguziwa. Tofauti ya bei yenyewe, kwa biskuti zile, ilikuwa shilingi hamsini kwa pakiti. Kwa shilingi hamsini, Scholastica alitundikiwa dripu.

Jumatano kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa moja, Tabitha. Baadhi ya wazee walitaka atozwe ng'ombe, vijana walitaka aondoke kabisa. Mwenyewe aliitwa, akakaa peke yake kwenye kigoda, watu wakiwa wamemwachia nafasi kubwa pande zote.

Gati alifika kwa kirikuu ya kazini. Aliamkia wazee, shikamoo moja kwa wote, kisha akaomba kusema. Mwenyekiti alimwambia asubiri. Hakusubiri. Alikwenda mpaka kwenye kile kigoda akasimama kando ya Tabitha.

"Biskuti zile nilizileta mimi," alisema.

Kelele zikalipuka. Kijana mmoja alimsogelea akiwa na fimbo. Mzee aliyekuwa mbele akamzuia.

"Mura, kijana wangu, kaa chini! Mtu akisema mwenyewe, anasikilizwa."

Gati aliomba aletewe katoni iliyobaki, iliyokuwa imehifadhiwa kwa mwenyekiti kama ushahidi dhidi ya Tabitha. Akachomoa pakiti moja mbele ya watu. Akaingiza ukucha chini ya karatasi nyeupe, akaivuta polepole. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, ya Februari, miezi mitano kabla ya mbio. Halafu akatoa simu na kuipitisha mkono kwa mkono, kila mtu aone picha za nyuma ya stoo.

"Huyu bibi mmemvunjia duka bure," aliwaambia. "Kama mnataka wa kumpiga, wa kwanza ni mimi, maana nilibeba bila kuangalia. Lakini mkimaliza kunipiga, twendeni pamoja kwa aliyebandika hii karatasi."

Hakupigwa. Mama yake Scholastica ndiye aliyeinuka wa kwanza. Hakwenda kwa Gati, alikwenda kwa Tabitha, akapiga magoti. Tabitha anaikumbuka siku hiyo. "Tulishikana mikono tu. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Mpaka leo kuna nyumba mbili siingii. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani kwangu."

Kilichofuata kilikuwa cha haraka, kisha kikawa cha polepole mno. Kesho yake wajumbe wa kijiji walisindikizana na Gati hadi wilayani. Maofisa wa afya walifika stoo siku hiyo hiyo na kukuta katoni sitini na nane zilizobandikwa tarehe za uongo. Waliifunga stoo, na jalada likafunguliwa.

Gati alifukuzwa kazi kwa simu. Sababu aliyopewa: alitumia gari la ofisi kwa shughuli binafsi.

Stoo ilifunguliwa tena baada ya siku kumi na moja, upande mmoja wa jengo, kwa jina lingine. Kesi imeahirishwa mara tatu, mara zote wakili wa mshtakiwa, mwenye stoo, akiwa mgonjwa au safarini. Gati alizunguka maduka ya jumla sita akiomba kazi ya udereva. Kila mahali jibu lilikuwa moja, limevaa nguo tofauti. Wa mwisho alimwambia bila aibu: "Wewe unaendesha vizuri, tatizo lako ni mdomo."

"Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la biskuti," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inapanda. "Aliyebandika karatasi anafanya biashara. Aliyeibandua ndiye mwenye tatizo! Nikamwambia mama yangu, basi mimi nirudi tu nilime."

Hakurudi kulima. Miezi miwili baadaye Tabitha alimtumia salamu aende Nyanungu. Alikuta wenye maduka watano wakimsubiri, mmoja wao amesafiri kutoka upande wa Serengeti. Walikuwa na wazo rahisi. Badala ya kusubiri kuletewa, wangekodi gari kwa pamoja na kumtuma mtu wanayemwamini akawachagulie mzigo dukani, mchana, mbele ya mlango. Mtu huyo walishamjua.

Leo wenye maduka hao ni kumi na wanne, Erasto akiwa miongoni mwao. Gari ni la kukodi. Gati anapata elfu ishirini kwa safari, safari mbili kwa wiki, pungufu ya alichokuwa akilipwa zamani. Akirudi mjini harudi mtupu. Anabeba karanga za Nyanungu zilizokaangwa na Tabitha na wenzake, ambazo Selestina huzifunga kwenye vikaratasi na kuwauzia watu wa benki.

"Hizo hazina tarehe," Selestina anatania, "lakini nikila naskia kabisa ni za juzi."

Maduka ya vijijini nayo yamebadilika kidogo. Kwa Tabitha, ndizi mbivu na viazi vya kuchemsha vimewekwa mbele, biskuti zimekaa kwenye rafu ya juu. Anasema watoto bado wanataka biskuti, na hawalaumu. "Mtoto ni mtoto. Ninachotaka ni akila, ale kitu ambacho hata mtoto wa mkubwa angepewa."

Tulimpigia simu msimamizi wa ile stoo ili atoe maelezo yake. Alipokea, akasikiliza, akasema shauri liko mahakamani hivyo hawezi kuzungumza. Kabla ya kukata aliongeza: "Andika tu kwamba sisi tunauza kwa bei wanayoweza wananchi wa chini." Tumeandika.

Kesi imepangwa kusikilizwa mwezi ujao, na Gati ndiye shahidi wa kwanza. Wiki tatu zilizopita, anasema, ndugu wa mwenye stoo alimtembelea nyumbani jioni, akakaa sebuleni kwa heshima zote, akanywa chai. Akasema familia haina kinyongo. Akasema kuna kirikuu ambayo haina kazi, nzima kabisa, na wangependa kumwandikia jina lake. Kitu pekee walichoomba ni kwamba siku ya kesi awe amesafiri.

Binti yake mkubwa, aliyekuwa akiosha vyombo, alisikia kila neno. Mgeni alipoondoka alimuuliza mama yake kama kweli wangepata gari.

"Nilimwambia kweli tungepata," anasema Gati. "Nilikuwa nalitaka lile gari, nisikudanganye. Nimelitaka miaka tisa. Nikamwambia pia kwamba mama yake Scholastica angeliona linapita pale kwao kila Ijumaa."

Erasto amemaliza kupanga mzigo. Gati anavuta turubai, anakaza kamba kwa goti, anapanda. Ana vituo vingine vinne kabla jua halijapinda. Tunamuuliza kama haogopi kusimama kizimbani mbele ya watu wenye fedha na wakili, ilhali hata yeye alibeba mzigo ule.

"Ninaogopa," anasema, akiwasha gari. "Lakini nitakwenda. Hakimu akiuliza nani alizipeleka kule, nitasema ni mimi. Halafu nitanyoosha mkono nimwonyeshe aliyenituma."